Chekeche la Siku ya Barua

Ukipoteza kitu kule nyuma ya soko la Tala, husumbuki kupindua nyumba. Unamwita mzee Kisilu. Atakuja na viatu vyake vya tairi, mikono nyuma, atauliza swali moja tu, "Ulikuwa umesimama wapi?", kisha atainamisha kichwa na kuanza kutembea polepole, kana kwamba chini pameandikwa kitu. Ameshapata ufunguo wa kanisa ndani ya majani ya ng'ombe. Ameshapata skrubu ya miwani ya mwalimu mkuu katika uwanja mzima wa mpira, na mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa ameshanunua nyingine. Na Jumanne ile ya wiki ya shoo ya kilimo ya Machakos, mwaka wa elfu mbili na saba, alikuwa kwa jirani yake Nthenya, akitafuta hereni ya dhahabu iliyozama kwenye makapi ya maharagwe. Makapi yenyewe magunia manne.

"Lete chekeche," alisema.

Nthenya akaleta. Kisilu akamsimamisha upande wa pili, mwenyewe akashika upande huu, wakaanza kutikisa.

"Sasa sikiza. Mimi naangalia, na wewe unaangalia. Nikiona hakuna kitu nasema tupu. Wewe pia ukiona hakuna kitu unasema tupu. Bila tupu mbili hatumwagi."

"Na kama naona kabisa hakuna kitu?"

"Basi sema."

"Si nimesema."

"Hujasema. Umeuliza."

Nthenya alikuwa mwanamke wa maneno, na kutikisa chekeche saa nzima bila kumsengenya mtu kulimchosha kuliko kulima. Lakini alizisema tupu zake. Kwenye chekeche la tisa Kisilu aliokota kokoto moja nyeupe, akaigusisha ncha ya ulimi, akaitupa.

"Mzee, sasa unakula uchafu wangu?"

"Mazoea tu. Mfupa wa zamani sana, ule uliogeuka jiwe, hushika ulimi. Jiwe la kawaida halishiki." Na kabla hajamaliza alinyoosha kidole kwenye kona ya chekeche, na hereni ikawa iko pale, imekaa na maganda mawili ya maharagwe.

Nthenya alifurahi hadi akamshika mikono yote miwili. "Wewe hakuna kitu kimewahi kukushinda kupata," alimwambia.

Hapo uso wa Kisilu ukabadilika. "Kiko kimoja," akasema, akavaa kofia yake, akaenda zake bila kungoja chai. Mtu wa Tala kukataa chai iliyokwisha kumiminwa ni habari, na Nthenya aliitangaza ipasavyo.

Hicho kimoja nitakwambia sasa hivi, maana Kisilu alikaa nacho miaka ishirini na miwili bila kumwambia hata mkewe, na mimi sina kifua cha aina hiyo.

Zamani, kabla ya kurudi nyumbani kulima kahawa, Kisilu alikuwa mmoja wa Wakamba waliokwenda Turkana na watu wa makumbusho kutafuta mifupa ya watu wa kale. Kazi yenyewe ilikuwa jua, mchanga na magoti. Na aliipenda, jamani. Usione mtu ameinama siku nzima ukadhani anateseka. Mwaka wa themanini na nne kilipatikana kipande kidogo cha fuvu kando ya mto mkavu, na kutoka mahali pale akatoka mvulana karibu mzima, aliyekufa miaka milioni moja na nusu iliyopita. Dunia ikaandika habari zake. Kisilu aliingia msimu wa pili, themanini na tano, akapewa chekeche moja na Kilonzo, kijana wa upande wa Konza, mrefu, mcheshi, mwenye pengo la mbele alilolitumia kupigia mbinja.

Sheria ya chekeche ilikuwa ile ile ya tupu mbili. Na mtu akipata kitu, hakupiga kelele. Alisema "uka", yaani njoo kwa Kikamba, tena kwa sauti ya kawaida kama anayemwita mtu mezani, na kila mmoja aliweka chini alichoshika akaja. Msimu ule Kisilu alisema uka mara tatu, kila mara kwa kipande kisichozidi ukucha. Moyoni mwake siku bora duniani zilikuwa hizo tatu, na harusi yake, na siku ya barua. Kisha alikuwa akikumbuka siku ya barua ilivyokwisha.

Barua ililetwa na lori la maji. Ilitoka kwa Nzembi, mkewe, na ilisema amejifungua msichana. Kisilu aliisoma akiwa amesimama kazini, juu ya chekeche lililojaa mchanga, akairudia, akairudia tena. Kisha akaitia mfukoni, akasema "tupu". Kilonzo upande wa pili akasema "tupu". Wakamwaga. Mchanga ulikuwa umeshafika kwenye rundo ndipo Kisilu alipotambua kwamba hakuwa ameangalia. Hata ungemuuliza kama mle ndani mlikuwa na mchanga au ugali, asingejua.

Angesema. Lakini jioni ile walimchinjia mbuzi, wakaimba, wakampa mtoto majina ya kila aina, na yeye akajiambia mchanga ni mchanga. Mwisho wa msimu mvulana akalazwa juu ya meza hemani, kila mfupa mahali pake. Fuvu, mbavu, mapaja, miundi. Kutoka kifundo cha mguu kwenda chini, hakuna kitu. Mvulana hana nyayo. Vidole vya mikono navyo vingi havikupatikana, lakini hivyo Kisilu hakujilaumu navyo, kwa sababu mchanga wa siku ya barua ulitoka upande wa miguu.

Hakurudi msimu uliofuata. Nzembi aliwaambia akina mama wa kikundi chake kwamba mumewe ameacha kazi ya serikali ili amlee mtoto, na waume kadhaa wa Tala walikemewa kwa mfano huo. Kisilu akanyamaza. Kilonzo alikuja siku moja, kutoka huko mbali Konza, akimvuta mbuzi wa kumpongeza mwenye mtoto. Kisilu alimwona angali mbali, akajificha nyuma ya ghala. Kilonzo alisema tupu kwa kumwamini yeye. Atamtazama usoni vipi? Mbuzi alibaki, mgeni akaenda, na hawakuonana tena.

Basi jioni ya Jumanne ile ile ya hereni, Mutheu alirudi kutoka shuleni. Mutheu ndiye yule msichana wa barua. Alikuwa sasa na miaka ishirini na miwili, mwalimu wa darasa la sita, na alikuwa na tabia ya kuanza habari katikati.

"Baba, uko na suti?"

"Niko na koti."

"Koti iko sawa. Alhamisi tunaenda shoo na wewe."

Ikaeleweka polepole. Makumbusho ya Nairobi yalikuwa yamefungwa yakikarabatiwa, na watu wake walikuwa wanazunguka na nakala ya yule mvulana wa Turkana, mifupa ya plasta iliyofinyangwa sawasawa na ya kweli. Wiki hii wamepiga hema ndani ya uwanja wa shoo. Mwalimu mkuu aliposikia kwamba baba yake Mutheu alishika mifupa yenyewe kwa mikono yake, alisema hakuna mwingine wa kuwaeleza watoto.

"Goti linaniuma," alisema Kisilu.

Nzembi alikuwa mlangoni akipepeta mtama. "Goti gani? Leo umesimama kwa Nthenya asubuhi nzima."

"Tena ng'ombe yuko karibu kuzaa."

"Ng'ombe alizaa mwezi jana. Ndama umempa jina wewe mwenyewe."

"Watoto wa siku hizi wanauliza maswali."

"Hiyo ndiyo kazi yao," Mutheu alisema. Alikuwa ameketi na sinia ya mchele, akitoa mawe, na hakuinua macho. "Baba, kila mtu hapa Tala ananiambia wewe ni mtu wa mifupa. Kila mtu isipokuwa wewe. Hujanisimulia hata siku moja. Nilipokuwa mdogo nilifikiri ni mimi ndio nilikuharibia, kwa sababu Mama husema uliacha kazi ukanilea."

Alisema hivyo bila hasira, na akaendelea na mawe yake. Kisilu akasogeza kigoda karibu na sinia yake. Kumbe alipokuwa anaficha aibu yake, mtoto naye alikuwa ameiokota upande wa pili na kuibeba kama ni yake. Ilimuuma kuliko mambo yote ya nyayo.

"Alhamisi nitakuja," alisema. "Na wakiniuliza, nitajibu kila swali."

Usiku hakulala vizuri, lakini hilo tuliache. Alhamisi asubuhi alikuwa amevaa koti, Nzembi amempigia pasi hadi kola ya shati lisiloonekana, na basi la shule liliondoka na watoto arobaini na wawili wakiimba mambo ambayo mwalimu wao alijifanya hayasikii.

Shoo ya Machakos hukuijua kama hukuiona wakati ule. Bendi ya magereza ilikuwa inapiga tarumbeta upande huu, upande ule fahali mmoja ameshinda zawadi na hataki kutoka uwanjani, mahindi yamepangwa kwa urefu, na karibu na lango mtu anauza miwa kwa kipaza sauti. Mutheu aliwahesabu watoto mara sita. Kisilu alitembea nyuma yao, kichwa chini kama kawaida, na kabla hawajafika hemani alikuwa ameshaokota kitufe, kalamu na tiketi ya mtu.

Ndani ya hema palimwagwa unga wa mbao ili vumbi lisipande. Kulikuwa na meza yenye chekeche na brashi za kuwaonyesha watoto kazi inavyofanywa, na nyuma ya kamba, amesimama kwa msaada wa fimbo ya chuma, alikuwa yeye.

Kisilu hakuwahi kumwona amesimama. Alimjua akiwa amelala mezani, vipande vipande, na kichwani mwake alibaki hivyo hivyo, mtoto mgonjwa asiyeinuka. Kumbe alikuwa mrefu. Alikuwa na mabega. Alisimama kama kijana aliyetumwa dukani na bado hajaamua kama ataenda. Kisilu alijikuta anatabasamu peke yake, furaha ikampanda toka tumboni, na kwa muda mfupi akasahau kabisa kutazama chini. Kisha akatazama. Pale miundi ilipoishia palikuwa na nyaya mbili za chuma, basi.

"Karibuni sana," alisema msichana wa makumbusho. Jina lake lilikuwa Peris, ana beji kifuani na sauti imekwisha kwa kueleza tangu Jumatatu. "Mwalimu Mutheu? Na huyu ndiye mzee wetu? Leo nina bahati, niko na wazee wawili wa zamani. Huyu mwingine amekuja kutusaidia wiki hii."

Kwenye kiti cha plastiki, kona ya hema, ameketi Kilonzo.

Nywele zilikuwa nyeupe, na mahali pa pengo palikuwa na jino jipya jeupe mno lisilofanana na majirani zake. Walitazamana. Kisilu alihisi miguu yake ikimwambia twende. Kilonzo aliitikia kwa kichwa kidogo tu, akatazama pembeni. Basi, alijua Kisilu, yule mtu bado amekasirika, na haki anayo.

Lakini watoto walikuwa wameshaketi kwenye unga wa mbao, na Mutheu alikuwa mbele kabisa ameshika daftari kama mwanafunzi wao. Ikabidi aanze.

Alianza vibaya, maneno mafupi mafupi. Kisha akawaambia habari ya ulimi, kwamba mfupa hushika na jiwe halishiki, na mvulana mmoja akaramba kokoto hapo hapo kuhakikisha, na hema lote likacheka. Baada ya hapo ulimi wa Kisilu mwenyewe ukafunguka. Aliwaonyesha kutikisa chekeche. Aliwafundisha tupu mbili, wakazipokea kwa sauti hadi watu wa nje wakachungulia. Aliwaeleza jinsi mtu alivyosema uka, bila kupiga kelele, na jinsi moyo ulivyodunda ukiisikia hata kama si wewe uliyepata. Mutheu alikuwa ameacha kuandika zamani. Alikuwa anamtazama baba yake kama mtu aliyeletewa mgeni.

Kisha Mwelu, msichana mdogo wa mstari wa mbele, akainua mkono.

"Mzee, nyayo zake ziko wapi?"

Swali lenyewe hilo. Alilijua lingekuja, alilisubiri tangu Jumanne, na bado lilimkuta hayuko tayari. Alimtazama Mutheu. Akakumbuka sinia ya mchele.

"Nilizitupa mimi," alisema Kisilu.

Mwelu akashusha mkono, na Kisilu akaendelea.

"Siku hiyo nilipata barua. Nilisema tupu bila kuangalia, tukamwaga. Mwisho wa msimu tukampanga, nyayo hazikuwepo. Ndiyo sababu niliacha ile kazi. Sikuacha kwa sababu ya mtoto. Niliacha kwa sababu ya aibu. Mtoto hana makosa yoyote."

"Huyo anawadanganya," ilisema sauti kutoka kona.

Kilonzo alikuwa amesimama. Watoto wote arobaini na wawili wakageuka.

"Aliyezitupa ni mimi," alisema Kilonzo.

"Kilonzo, chekeche lilikuwa mikononi mwangu."

"Chekeche lina upande mmoja tangu lini? Wewe ulikuwa na barua. Mtu mwenye barua ya mtoto hatarajiwi kuona hata ngamia. Mwenye kazi ya kuangalia nilikuwa mimi. Na mimi mchanga sikuutazama kabisa. Nilikuwa nakutazama wewe. Ulikuwa unacheka peke yako, machozi yanatoka, umeshika karatasi. Sijawahi kuona mtu mzima amefurahi namna ile, hata mpaka leo. Nikasema tupu haraka ili uende ukawaambie wengine."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja kukuambia. Nilikuja na mbuzi. Ukajificha nyuma ya ghala."

"Sikujificha."

"Ghala lile limeinuliwa juu ya vigingi, Kisilu. Viatu vyako niliviona chini yake vimesimama. Nikajua umekasirika hata hutaki kuniona, nikamfunga mbuzi nikaenda. Konza ni mbali, nililia njia nzima."

"Mimi nilikuwa nakuogopa wewe," alisema Kisilu.

"Mimi? Mimi ndiye niliyekuwa nakuogopa."

Na badala ya kuridhika hapo, kama watu wenye akili wangefanya, wakaanza kugombana. Kisilu akasema yeye ndiye mkubwa kwa hivyo kosa ni lake. Kilonzo akasema mkubwa kwa miezi mitatu tu. Kisilu akasema asinyang'anywe kosa alilolilea miaka ishirini na miwili. Mwelu aliwatazama, mmoja kisha mwingine, halafu akainua mkono tena.

"Nyayo zilikuwa ngapi?"

"Mbili," walijibu wote wawili.

"Basi kila mtu alitupa moja."

Peris alikuwa amejiziba mdomo kwa muda mrefu, na sasa alishindwa. Alicheka hadi akashika meza. "Samahani wazee wangu. Samahani kabisa. Ninyi ni wa nne na wa tano."

"Wa nne wa nini?" aliuliza Kilonzo.

"Kabla ya shoo niliwatafuta wazee wote waliofanya kazi pale. Watatu wameshaniambia kwamba nyayo walizitupa wao. Mmoja alisinzia. Mmoja upepo ulimwingia machoni akaona haya kusema. Mwingine alikuwa anafikiria dengu. Kila mmoja aliniapisha nisimwambie mtu." Akajifuta macho. "Na lile rundo lilichekechwa tena. Msimu uliofuata, lote, kwa chekeche la matundu madogo zaidi. Nimesoma kwenye daftari za kambi. Hakukuwa na nyayo mle."

"Lote?" aliuliza Kisilu.

"Lote."

"Hata ule mwisho wake wa upande wa mti wa miiba?"

"Hata huo. Zile ni mifupa midogo, mzee. Huenda maji yalizibeba, huenda wanyama walizikanyaga, zamani kabla Mkamba yeyote hajazaliwa. Wewe hukutupa kitu. Hakuna aliyetupa."

Kisilu aliketi kwenye kiti cha Kilonzo. Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Alijisikia mwepesi, na papo hapo alijisikia mpumbavu, na vyote viwili vilikuwa vitamu. "Miaka ishirini na miwili ya kahawa," alisema. "Na mimi kahawa sijaipenda hata siku moja."

Mutheu alikuwa amesogea, amechuchumaa mbele yake katika unga wa mbao, bila kujali sketi yake ya kazi.

"Hiyo barua," alisema. "Ilikuwa inasema nini?"

"Ilisema ni msichana. Ana vidole virefu kama vyako, njoo uone. Analia kwa sauti kubwa na majirani wamelalamika." Kisilu aliisema yote bila kukwama, neno kwa neno, kama mtu anavyosema sala. "Nilikuwa nimetoka kuisoma mara ya tatu tulipomwaga."

Mutheu alimshika baba yake goti, akageuka kwa Peris.

"Basi andika na mimi," alisema. "Wa sita."

Kilonzo ndiye aliyeanza. Alicheka kama alivyokuwa akicheka Turkana, kichwa nyuma na mdomo wazi, watoto wakamfuata, Kisilu akawafuata watoto. Na katikati ya kicheko hicho kitu cheupe kikaruka kutoka mdomoni mwa Kilonzo, kikapita juu ya kamba, kikatumbukia kwenye unga wa mbao karibu na mvulana wa plasta. Kilonzo akafunga mdomo kwa mkono. Pengo lilikuwa limerudi mahali pake.

"Jino langu," alisema nyuma ya vidole. "La juzi tu."

Kila mtu akaanza kutafuta, na Kisilu akainua mkono, wakatulia.

"Mtu asikanyage," alisema. Akamgeukia Kilonzo. "Ulikuwa umesimama wapi?"

"Hapa hapa."

Kisilu alivuka kamba na kupiga magoti, goti lile lile linalouma. Alichota unga wa mbao kwa viganja viwili, taratibu, akaanza kulijaza lile chekeche la mezani ambalo Mutheu alikuwa ameshamletea bila kuambiwa. Kilonzo akapiga magoti mbele yake, akashika upande wa pili. Wakatikisa. Walitazama kwa makini kila mmoja upande wake, na safari hii Kilonzo aliinama hadi pua ikakaribia kugusa.

"Tupu," alisema Kisilu.

"Tupu," alisema Kilonzo.

Wakamwaga, wakajaza tena. Tupu, tupu. Watoto walikuwa wamejipanga kando ya kamba. Nje bendi ya magereza ilikuwa imeanza wimbo mwingine, na mtu wa miwa bado anatangaza miwa.

Kwenye chekeche la tatu Kisilu aliliona mara moja, karibu na ukingo, jeupe kupita kiasi. Hakulishika. Alikaa nalo kidogo, akalitazama, kwa sababu kulikuwa na neno ambalo hakuwa amelisema tangu mwaka wa themanini na tano, na alitaka kulisema vizuri.

"Uka," alisema, kwa sauti ya kawaida.

Na Kilonzo, aliyekuwa hatua moja tu mbele yake, akaweka chini alichoshika, akainuka, akazunguka chekeche, akaja.